Mfuko Begani

Dorika hakuwa nesi wa kubembeleza. Wagonjwa wake wa majumbani, kuanzia Nsemulwa anakoishi mpaka vijijini huko, walimjua: akifika ananawa mikono, anavaa glavu, na maneno yake hayazunguki. Kwa hiyo Enoka alipompigia simu kutoka Sibwesa kwamba baba yake, Mzee Malale, ameapa kuuchomoa mpira wa mkojo leo leo kabla wageni hawajafika, hakuuliza mara mbili. Alidandia bodaboda, na vumbi lote la njia ile akalila yeye.

Mzee alikuwa na tezi dume, anasubiri upasuaji, na bila mpira ule mkojo hautoki. Lakini aibu, jamani! Mtu mwenye ng'ombe wake, akikohoa tu zizini watu wananyamaza, leo atembee na mfuko wa mkojo? Na siku yenyewe ndiyo wakwe wanakuja kumposa binti yake Sikujua. Asipoweza kukaa yeye kwenye kigoda cha baba, atakaa mdogo wake Silvesta, na kwa Mzee Malale hilo lilikuwa baya kuliko ugonjwa.

Dorika alimkuta amejikunja kitandani, tumbo la chini limejaa, linamuuma. Alimpima joto, homa hakuna. Akautafuta mfuko: kitandani haupo, chini ya kitanda haupo. Akafunua lubega, shuka aliyojifunga begani. Loo! Mzee alikuwa ameuning'iniza begani, ukalala ubavuni kama kibuyu cha maziwa cha mchungaji, ili watu wasiuone.

"Mzee, uliona wapi maji yakipanda mlima kuwafuata ng'ombe?"

Mzee akakiri kwamba hajapata kuona.

Dorika akaushusha mfuko. Mkojo ukatiririka, na uso wa mzee ukalegea. Hapo nesi akamwambia bila kupamba: mkojo ukirudi ndani unaleta maradhi, na mpira umeshikiliwa na puto ndani ya kibofu, ukiuvuta kwa nguvu unajichana mwenyewe. Akachukua mkojo kidogo wa kwenda kupima Mpanda, akamfunga mfuko mdogo mguuni, chini ya goti. Akamfundisha yeye na Enoka kufungua koki na kumwaga kabla haujajaa. Mke wa Enoka hakuitwa. Kwao mkamwana haoni mwili wa baba mkwe, na Dorika hakusubiri kuambiwa hilo.

Mzee akashtuka. Katika ukoo wao, mazungumzo ya posa yakishaanza, baba wa binti akinyanyuka maana yake amekataa, na wageni wanaondoka. Sasa mfuko ukijaa katikati? Dorika akamjibu kwamba mdomo anao.

Wageni wakaja. Mzee alikaa kigodani, lubega limefunika mguu, na sauti yake ikawa ile ile ya zizini. Dorika alibaki jikoni na Sikujua na kina mama, maana hakutaka kuondoka kabla hajahakikisha mkojo unapita vizuri. Masikio yote yalikuwa uani. Mzee alikunywa maji mengi kama alivyoagizwa, na mazungumzo yakarefuka, yakarefuka tena. Mara sauti yake ikakatika. Silvesta, ambaye hakumwondolea kaka yake macho tangu asubuhi, akaanza kusogeza kiti chake karibu na kigoda. Sikujua akaukamata mkono wa Dorika, akaubana, maana alimpenda kwelikweli yule kijana anayemposa.

Mzee Malale akanyanyuka. Baba wa kijana akaokota kofia yake.

"Kaeni nyie," akasema mzee. "Sijakataa. Nina mfuko wa mkojo hapa mguuni, umejaa. Naenda kuumwaga, narudi tumalizie."

Akaenda zake chooni na fimbo yake, wala hakukimbia. Sikujua alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Baba wa kijana akaiweka kofia gotini, na Silvesta akakirudisha kiti chake pale kilipokuwa.