Maneno Matamu ya Meneja

Katika chumba cha kufulia cha hoteli, mpiga pasi alikuwa akinyoosha foronya meneja alipoingia na kuwaambia wafanyakazi kuwa wao ni lulu. Mpiga pasi akaanguka.

Chini ya ngozi ya tumbo lake kulikuwa na kifaa kilichopandikizwa, kikimpima sukari na kumpa insulini chenyewe. Mfuaji mwenzake alimnywesha maji ya sukari. Akazinduka, akaendelea na foronya.

Daktari alikikagua kifaa.

"Kizima kama kigongo," alisema. "Ukiambiwa maneno matamu, sukari yako inapanda. Kifaa kinatoa insulini. Kisha maneno yanayeyuka, maana hayana kitu ndani, na insulini inabaki peke yake. Inakuangusha."

"Na maneno ya kweli?"

"Hayo yana lishe. Hayadhuru."

Nyumbani hakukuwa na hatari. Mumewe hakuwa ametamka neno tamu tangu harusi, na wifi zake hawakuwahi kujaribu.

Kazini ndiko kulikokuwa na shida. Mapumziko ya kula yalikuwa yamefutwa, naye akamwomba meneja ayarudishe, maana mgonjwa wa kisukari hashindi na njaa.

"Dada yangu," meneja alisema, mkono kifuani, "afya yako ndiyo fahari yetu. Mapumziko yatarudi."

Mpiga pasi akaanguka tena. Meneja aliona jinsi maneno yake yanavyogusa watu.

"Bosi, mtukane tu," mfuaji alishauri. "Au mpe muda wa kula."

Meneja alilifikiria jambo hilo kwa uzito. Hakulelewa kutukana watu. Na muda wa kula ndio hautoki kabisa. Akamnunulia pamba za masikio.

Basi mpiga pasi akawa anapiga pasi kwa amani, wenzake wakisikiliza hotuba na kupiga makofi. Baada ya muda wakaanza kuwa na kiu isiyokatika, wakipishana chooni. Daktari aliwapima: kisukari, wote. Hoteli, kwa huruma zake, ikawapandikizia vifaa.

Waliporudi kazini, meneja aliwapokea mlangoni.

"Nyinyi ni familia yangu," alisema.

Wakaanguka wote, taratibu, juu ya mashuka safi. Mpiga pasi, tumbo likimnguruma, alipita akiwanywesha maji ya sukari mmoja baada ya mwingine. Meneja aliyatazama mashuka kwa masikitiko, kisha akamwashiria kwamba yafuliwe upya kabla ya wageni kufika.