Kichaka Kisichoguswa na Mkasi

Binti alishamwambia baba yake waziwazi: "Baba, leo usije. Ni siku yangu ya mwisho ya majaribio, msimamizi atapita kunikagua. Akiridhika anatia saini, nimeajiriwa. Asiporidhika, narudi nyumbani tukatazamane."

Baba yake, kinyozi, akaitikia sawa, sawa, na saa nne alikuwa getini, tiketi mkononi, amevaa koti alilofungia ndoa. Miaka arobaini amenyoa watu kwenye chumba kisicho na dirisha. Leo mwanawe anatembeza wageni katika bustani kongwe kuliko zote mjini, naye abaki nyumbani anafukuza nzi?

Binti alimwona, akajifanya hajamwona. Aliwaongoza wageni kumi na wawili kwenye vijia vya mawe, chini ya miti mirefu yenye vibao vya majina, huku magari yakipiga honi nje ya ukuta. Wakafika kwenye kichaka kipana kilichozungushiwa kamba.

"Hiki kilipandwa na mwanzilishi wa bustani," alisema, "yapata miaka mia na hamsini iliyopita. Aliacha wosia kisiguswe na mkasi. Hakijawahi kukatwa hata jani."

"Inaonekana," kinyozi akasema kutoka nyuma.

Wageni wakacheka. Binti akawapeleka kwenye nyumba ya vioo.

Kinyozi hakwenda. Upande wa kushoto wa kichaka palichomoza tawi moja, kama nywele za mtu aliyelalia ubavu. Alijaribu kutazama ndege. Akajaribu kutazama bwawa. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na mkasi, ambao hauachi nyumbani hata akienda msibani.

Tawi moja tu. Akaivuka kamba, akavua koti, akakifunika kichaka mabegani kama mteja. "Za siku nyingi, mzee mwenzangu," alikiambia. "Watoto hawajambo?"

Akakata. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Sasa kulia kumezidi. Akapunguza kulia, kushoto kukazidi. Kila kinyozi anaijua balaa hiyo: ukianza kusawazisha ndevu za pembeni, unaweza kumaliza kichwa kizima. Wageni waliporejea, kichaka kilichokuwa kama gari dogo kilikuwa kama pipa, na kinyozi amezama kwenye majani mpaka magotini, anakipuliza shingoni.

Msimamizi naye akatokea upande wa pili, faili kwapani.

"Nani kafanya haya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," alisema kinyozi. "Na huyu dada simjui. Sijawahi kumwona, wala mama yake."

Binti angeweza kunyamaza. "Ni baba yangu, mkuu," akasema.

Msimamizi akakizunguka kichaka mara mbili. Akainama. Akanyoosha kidole.

"Kushoto kumezidi."

"Hakujazidi. Umesimama upande."

"Bustani hii naisimamia mwaka wa ishirini huu. Kushoto kumezidi."

"Basi shika mwenyewe."

Msimamizi akaushika mkasi, akakata kitawi. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, uso ukambadilika. "Aa. Sasa kulia…" Akakata kulia. Wageni wakatoa simu wakapiga picha: msimamizi katika sare zake, ulimi nje, anaukata wosia wa mwanzilishi vipande vipande. Alipozinduka, kichaka kilikuwa kama ndoo.

Akazitazama zile simu moja moja. Kisha akamtazama binti.

"Hapa kwenye kichaka uliwaelezaje wageni?"

"Nilisema hakijawahi kukatwa."

"Na kuanzia kesho?"

Binti akafikiri kidogo. "Kuanzia kesho kimekatwa mara moja tu, mkuu, na wataalamu wawili."

Msimamizi akatoa kalamu. Meza hapakuwa nayo, kwa hiyo akamgeuza kinyozi, akalaza karatasi mgongoni mwake na kuanza kuandika. Kalamu ilikuwa inamtekenya vibaya sana. Kinyozi akang'ata meno, akasimama wima kama nguzo, asije akaiharibu saini.