Kituo Kilichokosa Jina

Basi lisiposimama leo, basi tena. Getrude aliamka na neno hilo kichwani, na alipomaliza kukamua ng'ombe alikuwa amekwisha kasirika kabisa, ingawa jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri na hakuna mtu aliyekuwa amemkosea.

Ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Tangu treni ya umeme ianze kusimama Kilosa, mji umekuwa ukitanuka kila upande: leo kiwanja, kesho msingi, keshokutwa mtu anakausha nguo dirishani. Halmashauri ikaona watu hawawezi kuendelea kutegemea pikipiki na miguu. Ikachora njia ya basi kutoka Masanze, ipite kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, iingie sokoni, ifike hospitali, imalizikie stesheni. Na kila kituo kingepata njia yake ya baiskeli ya kuingia ndani vijijini, pamoja na banda la kuziacha baiskeli, mtu apande basi akiwa hana matope hata kwenye kisigino.

Aliyechora ni Imelda, afisa mipango miji, dada mwembamba asiyependa kupotezewa muda. Na kwa akina Getrude alipotezewa muda hadi akashika kichwa.

Tatizo lilikuwa jina. Upande mmoja wa barabara wanaishi wajukuu wa watu walioletwa zamani kufanya kazi ya mkonge na reli. Hao walitaka kituo kiitwe Kambini. Upande wa pili wamo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na vijana wao wakakomaa kwamba kiitwe Usukumani. Halmashauri ikasimika kibao cha Kambini, kikang'olewa. Ikasimika cha Usukumani. Hicho hakikumaliza hata siku. Mkutano wa mwisho ulivunjika kwa viti kurushwa, na Imelda akafunga mkoba wake.

"Kituo kisicho na jina konda hawezi kukitangaza," aliwaambia. "Na kituo ambacho hakuna anayepanda wala kushuka wiki nzima ya majaribio, nakifuta. Basi litapita barabara kuu, na njia ya baiskeli inafutika nayo. Mimi nimechoka."

Tena hakuwa anatania. Wiki nzima basi lilipita hapo likitimua vumbi. Dereva alisimama pale tu konda alipotangaza, na konda hakuwa na cha kutangaza. Watu walipunga mikono mpaka mabega yakawauma. Abiria wa ndani nao wakawapungia, wakidhani wanasalimiwa.

Getrude hakuwa na haja na jina. Kituo kikiitwa Kambini sawa, kikiitwa Sufuria sawa. Yeye alikuwa na mama mkwe, Kishiwa, mwenye presha, aliyetakiwa kliniki kila mwezi. Miaka yote alimpeleka kwenye keria ya baiskeli, nyuma ya mgongo wake, mpaka masika yaliyopita walipoanguka wote wawili kwenye tope na bibi akalala humo akiwa amekasirika kuliko alivyoumia. Tangu siku hiyo alitia ngumu. "Mimi si gunia," alisema kwa Kisukuma, lugha pekee aliyoipenda, na kliniki akaacha. Juzi alianguka tena, safari hii jikoni, pasipo baiskeli wala tope. Getrude alipomnyanyua alimwona mwepesi, na akaogopa sana.

Kwa hiyo asubuhi ile alimvalisha mama mkwe vitenge vipya, akamshika mkono, akaikokota baiskeli kwa mkono wa pili, wakaenda barabarani. Walimkuta Mzee Mudathir wa upande wa Kambini amesimama na kanzu yake iliyonyooka, amekuja kuhakikisha hakuna kibao kipya.

"Shikamoo, mzee," Getrude alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwangaluka," Kishiwa akasema.

Mzee Mudathir akaangalia mbali. Hiyo nayo ilikuwa kesi ya miaka. Wazee hao wawili walikuwa karibu rika moja, na hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Mzee alisubiri shikamoo yake. Kishiwa alitoa salamu ya kwao, ile ya asubuhi, na hakuona kwa nini atoe nyingine. Basi walikuwa wakipishana hivyo kila siku, salamu ya mmoja ikianguka chini bila wa kuiokota.

Basi likatokea kwenye kona. Getrude akapunga mkono. Halikupunguza mwendo. Hapo ugomvi alioamka nao ukapata kazi: akaisukuma baiskeli yake mpaka katikati ya barabara, akailaza, naye akasimama kando yake, mikono kiunoni.

Breki zikalia. Konda akaruka chini kabla gari halijatulia. Aliitwa Goodhope, kijana wa Mikumi, aliyekulia kwenye stendi ya kule akiita abiria wa mabasi ya Mbeya, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto.

"Mama! Unataka kutuua?"

"Nataka kupanda."

"Upandie hapa? Hapa panaitwaje? Niambie, mi nitangaze!"

Lo! Hilo lilikuwa swali la kuuliza sehemu yoyote duniani isipokuwa pale. "Kambini!" akasema Mzee Mudathir. "Usukumani!" wakajibu vijana waliokuwa wanapita na ng'ombe. Kambini, Usukumani, Kambini, Usukumani, fimbo zikaanza kuinuliwa, na Imelda, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na kishikwambi chake cha kuhesabia abiria, akateremka na uso wa mtu anayetaka kufuta kitu.

Getrude akahisi machozi. Yote yanaharibika, na yanaharibikia mdomoni.

Kishiwa hakuwa na habari nao. Mlango ulikuwa wazi. Akashika chuma, akapandisha mguu mmoja kwenye ngazi, na kwa kuwa alilelewa vizuri na haingii mahali penye watu kimya kimya, akapaza sauti:

"Mwangaluka!"

"Haa!" Goodhope akapiga ubavu wa basi. "Si mngesema mapema? Mwangaluka! Mwangaluka hapa! Wa Mwangaluka panda twende!"

Vijana wa ng'ombe waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Imelda hakucheka. "Ndiyo nini hiyo Mwangaluka?"

"Ni salamu, dada," Getrude akasema. "Ya asubuhi."

Abiria wawili watatu waliitikia. Kishiwa hakusogea. Alikuwa amegeuza shingo, anamtazama Mzee Mudathir, mguu mmoja ngazini na mmoja chini, na ilikuwa wazi kwamba haingii mpaka aitikiwe na huyo. Dereva akapiga honi. Bibi akatulia tu. Sasa basi zima la halmashauri lilikuwa linasubiri salamu ya mzee mmoja.

Watu wote wakamgeukia. Kila mtu alijua nani aling'oa kibao cha pili.

Mzee Mudathir akajikohoza. Akakunjua mikono ya kanzu, akaikunja tena.

"Mwangaluka, mama," akasema.

Akaisema vizuri kabisa, kumbe miaka yote alikuwa anaijua. Kishiwa akacheka, meno yake yote machache nje, akaingia ndani.

"Andika, binti," mzee akamwambia Imelda, akipanda nyuma ya Kishiwa. "Andika Mwangaluka. Atakayeshuka hapa atakuwa ameshanisalimia."

Na vijana wakapanda, wakamwachia mmoja wao ng'ombe na baiskeli ya Getrude. Wakapanda na wa Kambini waliokuwa wametoka kuona ugomvi, wengine hawana hata safari. Imelda alihesabu, akapotea, akaanza upya, na Getrude akamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu amjue. Yeye mwenyewe alilia waziwazi, kwa furaha, na hakuona aibu.

Kibao cha tatu hakijang'olewa mpaka leo. Njia ya baiskeli imefika, ngumu na safi, na bibi amekubali kukaa tena kwenye keria mpaka kituoni, ila ameweka mto. Kila mwezi wanaiacha baiskeli bandani kati ya baiskeli za Kambini na za Usukumani, ambazo huwezi kuzitofautisha, wanakwenda kliniki, wanarudi na basi la jioni lililojaa wageni wa treni.

Jua linazama, na Goodhope ananing'inia mlangoni kwa sauti yake ya Mikumi:

"Mwangaluka! Wa Mwangaluka!"

"Mwadila!" Kishiwa anafoka kutoka kiti cha mbele, salamu ya kwao ya jioni, maana kwa kweli mtu mzima haamkiwi jioni.

Wageni wanashangaa. Basi zima, la pande zote mbili za barabara, linamwitikia pamoja: "Mwadila!" Na sauti inayotangulia wengine wote ni ya Mzee Mudathir.