Pindo la Njia ya Nyuma

Jumatatu asubuhi mtunza stoo wa kiwanda cha kukata roli za karatasi na nailoni alifika kazini akakuta njia ya nyuma imejikunja yenyewe. Ilikuwa imelala kando ya mizani, kati ya karatasi za kahawia na nailoni za mifuko, imeviringika sawasawa kama roli nyingine yoyote, upande wa kukanyagwa ukiwa ndani. Aliipima, akaibandika kibandiko. Kilichomuudhi ni kwamba kompyuta haikuwa na mahali pa kuingiza njia, kwa hiyo akaiandika kuwa karatasi nzito na kwenda kunywa chai.

Ilikuwa njia ya watu, na kila mtu pale kiwandani aliijua. Zamani ilianza mlangoni kwa mama yake mkataji mmoja wa pale, ikavuka uwanja mdogo, ikaishia mlangoni kwa dada wa huyo mama. Mwenye kiwanda alipotaka mahali pa kuegesha malori alisema uwanja huo hautumiwi na mtu. Afisa wa ardhi akaja, akatazama, akakubali. Kuta mbili zikapanda, moja upande huu na moja upande ule, na njia ikabaki katikati bila mguu wa kuikanyaga. Ilivumilia kwa muda. Mwishowe ilichoka kulala bure.

Mkataji alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliposikia habari hizo alikwenda stoo, akaiwekea roli kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, akarudi kwenye mashine yake. Kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha siku hizo, nalo ni mama yake.

Mama huyo hakuwa amemwona dada yake tangu kuta zijengwe. Kuzunguka kwa gari kuliwezekana, lakini hakutaka hata kusikia.

"Dada yangu yuko hapo, namsikia akikohoa," alisema. "Nipande gari niende wapi?"

Upande wa pili mama mkubwa alikuwa na kiburi hicho hicho, maana walinyonya ziwa moja. Walipigiana simu kila siku na kugombana kuhusu ni nani aliyeonewa zaidi na ukuta. Ila sasa macho ya mama mkubwa yalikuwa yakiingia giza. Daktari alimwambia wazi kwamba yatapofuka karibuni na hakuna la kufanya. Mama mkubwa alilipokea vizuri. Alisema tu kwamba uso wa mwisho anaotaka kuuona ni wa mdogo wake, na kwamba yeye gari hapandi. Mkataji alikuwa amewabembeleza wote wawili mpaka maneno yakamwishia.

Kabla ya saa sita mwenye kiwanda alikuwa ameshampata mnunuzi. Kuna watu wenye bustani kubwa ambao hupenda njia nyembamba za kutembelea, na hawataki njia mpya inayong'ang'ania viatu. Wanataka iliyokwisha kuzoeleka. Msimamizi wa zamu akapewa oda. Wafanyakazi walimwita Rula, kwa sababu rula ya chuma haikumtoka mfukoni hata siku za arusi.

Kiwanda kilikuwa na mashine tatu za kukata, na kila moja ina tabia zake. Wembe ilikuwa na nyembe zilizopangwa kwa safu, nayo ilikimbia kuliko zote. Kazi yake nailoni nyembamba. Kinu ilikuwa na magurudumu butu yaliyokandamiza mali juu ya ngoma ngumu mpaka ikatike kwa kuchoka. Humo zilipita nguo na tepu za gundi. Ya tatu, Mkasi, ilikuwa na visu vya duara viwili viwili, kimoja juu na kimoja chini, vikipishana. Iliendeshwa na mkataji. Ilikuwa nzee, ilipiga kelele, na haikuwahi kutoa ukingo mchafu.

Rula alikuwa mtu wa haraka, kwa hiyo njia ilipelekwa kwanza Wembe. Wembe ikala kipande kidogo, ikakutana na kokoto, nyembe zikaruka mpaka dirishani. Ikapelekwa Kinu. Kinu iliikata kweli, lakini ikaiponda, na mpakizi mmoja aliyejaribu kutembea juu ya kipande kilichotoka alichechemea mpaka jioni ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Alipewa ruhusa ya kukaa.

"Haya, dada," Rula alisema, akifuta jasho. "Ni wewe na Mkasi, bibi kizee wako."

"Tungeanzia hapa tungekuwa tumeshamaliza."

"Usinianze."

Hapo kiwandani pindo ni mali ya mkataji. Kila roli hupunguzwa pembeni ili itoke safi, na ule ukanda unaopunguzwa ndio pindo. Haurudi stoo, wala hakuna anayeuulizia. Wakataji huenda nao nyumbani, wakafunga mizigo, wakajalidia madaftari ya watoto, wakazibia madirisha. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko kuta. Kwa kawaida pindo huwa na upana wa vidole viwili, na mkataji alijua kwamba vidole viwili havitoshi mguu wa mtu. Alivua kiatu, akakiweka ukingoni mwa njia, akakitazama. Kisha akakivaa tena na kuwasha mashine.

Njia ikaanza kufunguka. Kadiri ilivyopita juu ya meza, nyayo zilionekana, maana hakuna aliyezifuta. Zilipita soli za kazi, visigino vya kina dada, miguu mitupu, tairi za baiskeli, kwato za mbuzi aliyekuwa na haraka. Zilipita kwa muda mrefu sana. Wafanyakazi wa mashine nyingine walikuja kusimama, na kila mmoja akawa anaonyesha kidole, huyu baba, huyu yule fundi saa marehemu, huyu mimi nilipokuwa nachelewa.

Afisa wa ardhi alikuwapo, amekuja kusaini kibali cha mzigo kutoka. Naye alijiona. Soli zake zilikuwa zimesimama katikati ya njia, siku ile aliyokuja kuthibitisha kwamba hapapiti mtu, na nyayo za watu zilikuwa zikimkwepa kulia na kushoto.

"Ndivyo vile viatu vyangu vya kahawia," alisema. "Nilivipenda sana."

Akasaini kibali.

Ukingo mmoja wa njia ulikuwa umeliwa na mtaro zamani, ukatoka vipande vipande. Ukingo wa pili ulikuwa mzima, ila umechakaa kwa nyayo za mtu mmoja, mguu wa kulia ukielekea nje kidogo. Mama yake mkataji aliogopa baiskeli, kwa hiyo maisha yake yote alipita pembeni. Mkataji alizijua nyayo hizo kuliko anavyojua mwandiko wake. Alisimamisha mashine.

Rula aliinama, akakunja uso. "Hapa pameharibika. Mteja hawezi kuuziwa hivi."

"Unatakaje?"

"Punguza."

"Mpaka wapi? Sema wewe, nisije nikalaumiwa."

Rula akatoa rula yake. Akapima vidole viwili, nyayo zikabakia. Akasogeza, zikabakia bado. Alikuwa mtu safi ambaye hakuweza kulala akijua kuna doa mahali, na akasogeza tena mpaka akazivuka zote, vidole na kisigino, kwa ukubwa wa kiganja kizuri cha mwanamume.

"Hapo," alisema. "Sitaki kuona alama."

"Mtunza stoo amesikia?"

"Nimesikia," alisema mtunza stoo.

Mkataji akasogeza visu. Mkasi ikapiga kelele zake za siku zote, na upande wa kushoto pindo likaanza kutoka, pana kwa mguu mmoja, likijiviringisha juu ya bomba la boksi. Alilikunja kwa uangalifu. Roli ikivutwa mno, mali hunyooka na kurefuka. Ikilegezwa, humwagika njiani. Zilizobaki, zile njia za bustani, alizikata vilevile kwa adabu, kwa sababu kazi ni kazi. Jioni akatoka getini na pindo begani. Mlinzi alimpekua mkoba, begani hakuangalia.

Jioni hiyo hiyo aliliweka mlangoni kwa mama yake na kuachia ncha yake. Pindo likakimbia lenyewe, likapanda ukuta wa kwanza, likapita juu ya uwanja likiwa limenyooka kama kamba ya nguo, likashuka nyuma ya ukuta wa pili. Mama akafunga kanga vizuri, akakanyaga. Alitembea kwa dakika chache, akatokea jikoni kwake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "umenileta wapi?"

Mkataji akajishika kiuno, akajicheka. Lilikuwa kosa la mwanafunzi. Pindo lilitoka mashineni mkia ukiwa nje na nyayo zikielekea nyumbani, na yeye kwa furaha alisahau kuligeuza. Akalikunja. Kesho yake, wenzake walipokuwa wanakula, alilipitisha tena kwenye Mkasi bila visu, akaliviringisha upya kichwa kikae nje. Rula alimwona akajifanya anatafuta kalamu.

Mchana huo huo akaomba ruhusa, akalifungua tena mlangoni. Safari hii nyayo zilielekea mbele. Mama aliweka mguu juu ya wayo wake wa zamani, ukamtosha, akaweka na wa pili. Hakuangalia chini. Alipanda ukuta kama anayekwenda kuomba chumvi.

Mkataji alikuwa amempigia simu mama mkubwa kumwambia asubiri mlangoni. Mama mkubwa alisema sawa. Lakini alikuwa amesubiri ya kutosha, na ncha ya pindo ilipomgusa kizingitini hakuona sababu ya kukaa. Akaanza kuja, akipapasa kwa vidole vya miguu.

Walikutana katikati, juu ya uwanja wa malori. Pindo lilikuwa la mguu mmoja na halina pa kupishana wala kugeukia.

"Rudi nyuma nipite," alisema mama.

"Mimi mkubwa. Rudi wewe."

Hakuna aliyerudi. Mama mkubwa akamshika mdogo wake mashavu, akamsogeza karibu na jicho lake zuri, akamtazama polepole kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, asiache kitu.

"Umezeeka!" alisema.

"Na wewe je?"

"Umezeeka vizuri."

Wakaketi hapo hapo ubavu kwa ubavu, miguu ikining'inia, wakaanza yale mazungumzo ya kila siku. Pindo halikulegea hata kidogo. Chini, wapakizi waliweka mizigo wakapiga makofi, mpakizi aliyechechemea akapiga kuliko wote, na waendesha Wembe na Kinu walitoka nje kukubali kwamba wameshindwa. Mtaani majirani walikuwa wameshapanga foleni upande huu na upande ule, wakisubiri akina mama wamalize. Mkataji, aliyekuwa amekimbilia kiwandani kuwatazama, alisimama mlangoni, machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Alijua kwamba hajawahi kukata kazi nzuri kama hiyo, na hatakata tena.

Mwenye kiwanda alishusha kioo cha gari, akaangalia juu, akaomba tu wasiangushe kitu. Kisha akamwamrisha mlinzi afungue geti. Lori lililobeba njia ya nyuma, imekatwa safi na kufungwa kwa nailoni, likanguruma na kuanza kutoka. Lilikuwa limejazwa hadi juu.

"Inua miguu, dada," alisema mama.

Wote wawili wakainua miguu, lori likapita chini yao, wakaishusha wakaendelea kuzungumza.