Jiwe la Kupigia Vyuma

"Sheria imeshapita, dada, ulie usilie!" Fundi mageti alikuwa akimfokea jirani yake, fundi cherehani. "Uzio kwenye mpaka wote wa nchi. Wezi wa mbuzi watakoma!"

"Na dada yangu aliyeolewa ng'ambo nimtazame kupitia waya kama mfungwa?"

"Waya si nitauchomelea mimi? Nitakuachia kitundu mpeane umbea."

Tukacheka, sisi tuliokuwa uchochoroni tukijifanya tunaanika nguo. Fundi mageti aliipigia debe sheria ile tangu ikiwa bungeni, maana wajenzi wa uzio walimwahidi kazi.

Wapimaji wakatokea na kamba zao. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye kofia ngumu, akauliza, "Jiwe la mpaka la hapa liko wapi?"

Tukainamia nguo zetu. Nani asiyelijua? Zamani lilikuwa vichakani, nyuma ya nyumba ya fundi mageti. Yeye akalikokota hadi mbele, akalisimika kwa zege kando ya mlango wake ili apigie vyuma juu yake. Jiwe bapa, gumu, la bure! Nusu ya mtaa tulimsaidia kusukuma.

Mpimaji akaliona. Akafuta masizi kwa kiganja, namba ikatokea.

"Hilo nililihamisha tu, mama," fundi akasema, akicheka bado. "Mahali pake ni kule nyuma."

"Kila mtu husema limehamishwa. Ndiyo maana sheria inataka tufuate mawe yalipokutwa."

Kamba ikavutwa kutoka jiwe hilo hadi jiwe jingine la mpaka, kule kilimani. Ikapita katikati ya uchochoro, kati ya majirani wale wawili. Nyumba ya fundi mageti, mkewe dirishani, suruali zake zinazochuruzika maji, vyote vikabaki nchi nyingine.

Fundi mageti akaitazama kamba, kisha nyumba yake.

"Naweza kukata rufaa?" Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mgonjwa.

"Unaweza. Ila uzio hausubiri."

Akakaa juu ya jiwe lake, nyundo mkononi, mdomo wazi. "Yaani nichomelee mwenyewe... nijifungie nje?"

Sote tukamgeukia fundi cherehani. Ulimi anao, na siku yake ilikuwa imefika. Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaisogelea kamba, akaiinua juu.

"Kaka, inama upite," akasema. "Muite na wifi. Chakula kimeiva, ingieni tule."