Siku Thelathini za Kumfunza Meneja

Jumanne, tarehe 4 Machi mwaka 2014, saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Pacha alikata nusu kilo ya maini kuwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, akavitia katika kopo la bati na kulifunika. Maini hayo hayakuwa ya watu. Yalikuwa zawadi za mbwa, ambaye mafunzo yake yalianza siku hiyo.

Mbwa aliitwa Meneja. Mumewe Mama Pacha alimpata kwa jirani aliyehama, akampa jina hilo kwa sababu alikuwa mnene, alilala mchana kutwa na hakuitikia mtu. Mume mwenyewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amefukuzwa na mbwa wa kila geti mjini, na kwa hiyo alijiona mjuzi wa mbwa. Alikuwa amenunua kijitabu chenye sura thelathini, sura moja kwa kila siku. Kijitabu kilisisitiza kwamba amri iwe neno moja, na kwamba zawadi itolewe papo hapo, mbwa asije akasahau alichokifanya.

"Kaa!" alisema Msoma Mita.

Mama Pacha, aliyekuwa akipita sebuleni na beseni la nguo mbichi, alikaa chini. Hakuamua kukaa, magoti yalijikunja yenyewe. Meneja alibaki amesimama, akamtazama kwa heshima. Msoma Mita alifungua kopo na kumtupia mbwa kipande cha ini, kwa kuwa amri ilikuwa imetekelezwa na kijitabu hakikuruhusu kuchelewa.

"Umelowesha zulia," alimwambia mkewe.

Siku ya tatu ilikuwa ya "Leta." Msoma Mita alirusha kandambili chini ya kochi, na Mama Pacha akaingia uvunguni kwa tumbo, akaitoa. Siku ya tano ilikuwa ya "Lala," naye alilala jikoni saa nne asubuhi, kando ya ungo wa maharage aliyokuwa akiyachambua, akahesabu nyufa za dari hadi alipoachiliwa. Kila mara Meneja alikula. Kufikia mwisho wa juma la kwanza mbwa alikuwa amejifunza somo moja kikamilifu, kwamba mama akitii, yeye hushiba. Akaanza kumfuata chumba hadi chumba, macho yake yakiwa kwenye magoti ya mama wa watu.

"Baba Pacha, hebu mwite kwa jina kwanza," Mama Pacha alisema. "Huenda amri ikajua inakwenda kwa nani."

"Meneja, kaa!" alisema mumewe.

Mama Pacha alikaa.

"Mbwa huyu ana kichwa cha jiwe," alisema mama mkwe, ambaye alikuwa na kiti chake dirishani na maoni yake kuhusu kila jambo. "Kula anajua, kutii hajui. Kama marehemu baba yenu."

Jambo hili lingevumilika, kwani Mama Pacha alikuwa amevumilia mengi, lakini alikuwa na darasa. Kila alasiri saa kumi alikwenda kusoma na watu wazima wenzake katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi, na mtihani wa cheti ulipangwa Jumamosi, tarehe 29. Alikuwa amekwisha kupigilia msumari sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo cheti kingetundikwa. Siku ya tisa mumewe alifundisha "Nyamaza" akasahau kumwachilia mbwa. Alasiri hiyo Mwalimu alipomtaka asome aya ya kwanza kwa sauti, mdomo wa Mama Pacha ulifunguka pasipo neno.

Mwalimu alivuta daftari la mahudhurio. Lilikuwa na safu tatu: Yupo, Hayupo, na Ameitwa. Safu ya tatu ilikuwa imejaa kuliko zote. Akaweka alama na kuendelea na mwanafunzi aliyefuata.

Mama Pacha alichoka hadi uchovu wenyewe ukachoka. Siku ya kumi na nne aliporudi nyumbani, alisema kwamba ama mbwa afunzwe na mtu mwenye ujuzi, ama maini wayakate wenyewe. Tishio la pili ndilo lililosikika. Akaja mkufunzi wa mbwa wa walinzi, mtu mfupi mwenye kovu kiganjani. Alitazama somo moja tu.

"Bwana mkubwa, mbwa wako hana kasoro," alisema. "Amri hazimfikii. Zinaishia kwa mama."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mtu wa maji, usiniulize mimi. Maji hupita kwenye bomba gani?"

"Lililo wazi," alisema Msoma Mita.

"Basi. Umemwambia mama 'leta' kwa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Hilo ni bomba la inchi nne. Mbwa ana majuma mawili tu. Dawa yake ni rahisi: mbwa mwamrishe, mama mwombe. Mwambie 'naomba ulete.' Ukitenganisha, kila neno litajua njia yake."

Meneja alijilamba.

"Yaani nimnyenyekee mke wangu kwa ajili ya mbwa?" aliuliza Msoma Mita.

"Sisi tuliambiwa 'leta,' na tukaleta," alisema mama mkwe. "Hakuna aliyekufa."

Mkufunzi alivaa kofia yake. Alisema kwamba yeye hufunza mbwa tu.

Hata hivyo Msoma Mita hakuwa mtu mbaya. Aliahidi kwamba Jumamosi ya mtihani, kuanzia saa nne hadi saa sita, hatamfunza mbwa neno lolote. Mama Pacha alimwomba aahidi mara mbili, naye akaahidi mara mbili.

Jumamosi ilipofika, Mama Pacha alikata maini, akachonga penseli mbili na kwenda. Maswali yalikuwa matano. Manne aliyajibu kwa mwandiko ulionyooka. La tano lilisema: "Andika sentensi tatu za ombi ulizowahi kuambiwa nyumbani kwako."

Alipekua miaka kumi na tisa kama mtu anayetafuta sindano katika gunia la pumba. Alikuta leta, ondoa, pika, ngoja, fungua. Mwishowe alikumbuka usiku alipowazaa pacha wake, damu ilipokataa kukatika, na mumewe akapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali. Akaandika: "Naomba usife." Akaweka nukta. Yalikuwa maneno ya kweli, naye aliyatimiza.

Alikuwa akitafuta ya pili wakati miguu yake iliposimama.

Mwalimu aliinua macho. Tangu asubuhi fundi cherehani mmoja alikuwa amekwisha kuondoka katika swali la pili, na muuza mboga katika la tatu. Alivuta daftari.

"Nenda tu, mama," alisema kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo mara nyingi. "Mtihani mwingine ni Septemba."

Miguu ilimpitisha mitaa sita bila kungoja magari. Aliingia getini akihema, penseli mkononi. Mumewe alikuwa amesimama uani na jirani aliyekuja kumwona mbwa; alikuwa amemwambia mbwa "Njoo" mara moja tu, ili jirani aamini. Meneja alikuwa amelala chini ya benchi.

"Umeona?" alisema Msoma Mita. "Anakuja."

"Anakuja kweli," jirani alikubali. "Alikuwa mbali?"

"Mtihanini."

Kipande cha ini kilirushwa. Meneja alikidaka bila kuinuka.

Siku ya thelathini kijitabu kilikwisha. Ukurasa wake wa mwisho ulikuwa Cheti cha Utiifu, chenye mapambo pembeni na nafasi ya jina. Msoma Mita alimpa mkewe kalamu, kwa kuwa siku hizi mwandiko wake ulikuwa bora kuliko wa wote nyumbani.

"Andika," alisema.

Mkono wa Mama Pacha uliandika MENEJA kwa herufi kubwa zilizonyooka. Cheti kilitundikwa juu ya redio, kwenye msumari uliokuwapo.

Maini yanakatwa hadi leo, saa mbili kasorobo. Septemba ya mwaka huo ilipita, na nyingine zikafuata. Mama Pacha bado anahitaji sentensi mbili. Anapofanya kazi husikiliza kwa makini, penseli ikiwa nyuma ya sikio.

Nawe uliyesoma hadi hapa, naomba umpe mwingine hadithi hii. Utakapompa usimwambie "Soma." Mwambie, "Naomba usome."