Somo la Kukaa Kitako

Mwaka wa pili wa uhuru, bendera ikiwa bado haijachujuka rangi, shule ya bweni kule kilimani Kwale ililetewa mwalimu wa historia kutoka Marekani. Jina lake Harlan, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu, na Kidato cha Sita walimpenda kwa kuwa hakushika kiboko na hakuona haya kusema sijui. Aliwasomesha habari za nchi yake tangu vita vikuu vya pili vilipokwisha, na alizisomesha kama mtu anayesimulia ya ukoo wake, mazuri na ya aibu.

Katika darasa hilo alikuwamo Chirau, mwana wa kijiji cha Mwabungo, aliyekuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku ya Mpango wa Marshall, mwalimu alieleza jinsi Marekani ilivyomimina fedha kuijenga upya Ulaya, hata Ujerumani iliyopigwa. Chirau akasimama, akataka kujua kama mjomba wake Boga alikumbukwa katika mpango huo, maana alipigana Burma upande wa walioshinda, akarudishwa Mwabungo na koti moja na kikohozi. Darasa zima likacheka. Harlan, masikini, kwa moyo safi kabisa, akafungua kitabu akatafuta. Boga hakuwamo.

Kisha likaja somo lililomnyima Chirau usingizi. Vijana wanne weusi, wanafunzi kama yeye, waliingia duka moja kule kusini mwa Marekani, wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya wazungu peke yao, wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Wakakaa. Kesho yake wakarudi na wenzao, wakakaa tena. Hawakurusha jiwe wala kutukana mtu. Walikaa kitako tu, hadi mwenye duka akachoka.

Chirau alikuwa na yake moyoni. Mama yake, Mwanaima, aliishi kwa pweza. Maji yakitoka huteremka mwambani na mkonjo wake, kile kijiti cha kuchokolea pweza mashimoni, na hurudi kikapu kimejaa. Njia aliyopita ni ile waliyoipita mama zake na bibi zake. Lakini watu walipokuwa wakicheza ngoma za uhuru, hoteli moja ya upande wa Diani ilijiongezea kiwanja, ikazungusha seng'enge, na njia ikabaki ndani. Sasa Mwanaima huzunguka mbali, na akifika mwambani maji yamekwisha anza kurudi. Alikwenda kwa chifu, chifu akamwambia asubiri serikali yetu. Alipouliza ile iliyotia sahihi seng'enge ni serikali ya nani, akaambiwa ana mdomo.

Basi likizo ilipofika, Chirau alimchukua mwenzake Charo, kijana wa Kinango, wakapiga pasi mashati, wakaingia hotelini, wakaketi barazani katikati ya wazungu, wakaagiza chai. Walikuwa wamejiandaa kunyimwa. Chirau alikuwa na hotuba mfukoni.

Chai ikaja, na biskuti juu. Aliyeileta ni binamu yake, Mbwana, mtumishi wa mezani mwenye kofia nyekundu. Aliuliza kama waongezewe maziwa. Walipolipa na kukosa la kufanya, Mbwana aliinama kama anayefuta meza, akamnong'oneza Chirau.

"Meza zilifunguliwa siku ile ya bendera, ndugu yangu. Iliyofungwa ni njia. Wewe umeikalia meza."

Ndivyo ilivyokuwa. Kibao cha kuwakataza watu weusi kilikuwa kimeng'olewa langoni, misumari ilibaki.

Mwanaima alipohadithiwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mwanawe kasomeshwa miaka yote hiyo ili akanywe chai ya wazungu. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza swali moja. Hao vijana wa Marekani, kutwa nzima wamekaa, walikuwa wakifanya nini?

Chirau akasema wengine walichukua vitabu vyao, wakakaa wakisoma.

Mwanaima akajifunga leso upya. "Kumbe walikuwa wakisoma," akasema. "Basi na sisi tutasoma. Babangu sijamfanyia hitima mwaka huu."

Jumapili ile, kabla ya adhuhuri, watu wa Mwabungo waliingia hotelini kwa lango kubwa. Mbele maalim na wanafunzi wake wa chuo cha Kurani, misahafu kifuani. Nyuma wanawake na vyungu, Charo na mikeka kichwani. Askari wa lango alikuwa mtu wa Galu, kijiji jirani. Aliona misahafu, akasikia harufu ya ubani, akavua kofia. Nani amzuie mtu kumsomea mzazi wake? Wakatandika pale njia ilipopita zamani, na pale sasa palikuwa uwanja wa majani, baina ya jiko la hoteli na baraza ya kulia. Wakagawana juzuu, wakaanza.

Hitima, kisomo cha kumrehemu marehemu, ina adabu yake. Mwislamu akiikuta inasomwa hapiti kama mtu asiyeona. Mpishi mkuu alichungulia, akanawa mikono, akaja akaketi. Wapishi wadogo wakamfuata. Wafua nguo wakaja. Wazungu barazani walibaki na visu na uma, wakitazama sahani tupu.

Sadfa ilimleta Mwalimu Harlan, ambaye siku hiyo alikuwa ameteremka kutoka Kwale ale chakula cha watu. Alimkuta Mbwana anavua kofia yake nyekundu ili naye aende mkekani, akamuuliza kuna nini.

"Anasomewa Chirau, bwana," akasema Mbwana. "Chirau wa Mwabungo. Mungu amrehemu."

Harlan akaiva, kisha akapauka. Alivua viatu, akaenda akaketi pembeni mwa mkeka na miguu yake mirefu, machozi yakimtiririka mbele za watu. Mpaka alipoinamiwa na mtu mwenye dele la kahawa.

"Shikamoo, mwalimu."

Harlan alimtazama kwa muda. "Wewe umekufa," akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

"Ni babu yangu, mwalimu. Mimi nimerithi jina."

"Na hii yote ni nini?"

"Ni lile somo lako."

Harlan akapokea kikombe, akanywa, asiinuke.

Hayo machozi ndiyo yaliyomwangusha meneja. Alikuwa amekuja na hasira za kufukuza watu, lakini alipomwona mzungu mwenzake analia mkekani akajua kweli kuna msiba mkubwa. Akamwita Chirau amtafsirie. Akauliza kama huyo marehemu amelala hapa.

Mwanaima hakuinua sauti. "Mwambie babangu alipita hapa kila siku ya maisha yake, mpaka Mungu alipomchukua."

Chirau akatafsiri, hakuzidisha wala kupunguza. Meneja akavua kofia, akatazama chini penye miguu yake, akarudi nyuma taratibu.

"Mwambie pia alikuwa na ndugu zake," Mwanaima akaendelea. "Nao walipita hapa hapa. Na kila mmoja ana hitima yake."

Meneja aliwatazama wapishi wake mkekani, kisha wageni wake barazani, akauliza familia yataka nini. Mwanaima akasema hawataki kitu. Ila jamaa watakuwa wakija na kwenda, na ni aibu kuwasumbua wageni kwa kupita lango kubwa. Pangekuwa na mwanya mdogo kwenye seng'enge upande wa kijiji, na mwingine upande wa baharini, wangepita kimyakimya. Alasiri hiyo hiyo fundi akaitwa na koleo.

Shule ilipofunguliwa, Harlan alimbakiza Chirau baada ya kipindi. Akamuuliza hilo kaburi hasa liko wapi. Chirau akasema liko Mwabungo, nyuma ya msikiti, na halijawahi kuhama. Harlan akageukia ubao, akaufuta kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji, mabega yakimtikisika.

Kule hotelini waliizungushia mawe ile sehemu, wakayapaka chokaa, na wageni wakaambiwa wasicheze mpira karibu. Mwanaima akipita alfajiri na kikapu chake huegemeza mkonjo kwenye mawe hayo, akajifunga leso vizuri. Meneja, akiwa barazani na chai yake, humvulia kofia. Naye humwitikia kwa kichwa, uso mzito kama wa mfiwa, halafu huteremka mwambani maji yangali yakitoka.